Tuligawa mchele Krismasi, sasa geti la kanisa limejaa watu: tufanyeje?

Dada katibu, Bwana Yesu asifiwe. Swali lako nimelisoma vizuri, ni refu na kiukweli ni maswali manne ndani ya moja, kwa hiyo nalifupisha hapa ili na wengine wafuate. Ninyi ni kikundi cha kanisa pale Mwanza, mtaa wa mlimani upande wa Igogo, wamama na vijana kama ishirini hivi. Krismasi iliyopita mlichanga mkanunua mchele, mafuta ya kula na sabuni mkatangaza wasiojiweza waje kanisani wapokee. Wakaja wengi kuliko mlivyopiga hesabu, foleni ikavunjika, bibi mmoja akaangushwa akaumia nyonga, wengine wakapita mara mbili na wengine wakaondoka mikono mitupu. Toka siku hiyo kila Jumapili kuna watu wamekaa getini wanasubiri. Mzee wa kanisa anasema watu wasikie neno kwanza ndo wapewe, vijana wanasema huko ni kununua waumini, wamama wamechoka wanataka kuacha kabisa, halafu kuna rafiki wa kanisa kutoka nje amejitolea kuwajengea kituo cha yatima. Na mwishoni ukauliza kuhusu fulana.

Jibu langu la haraka ni hili: msiache, ila acheni kugawia umati. Mlichofanya Krismasi kilikuwa na upendo mwingi ila hamkuwajua mliokuwa mnawapa, na nusu ya matatizo uliyoniandikia yametoka hapo hapo. Ukimpa mtu usiyemjua jina kwenye foleni, huwezi kujua kama alihitaji, huwezi kujua kama ilimsaidia, na kesho akirudi huna cha kumwambia zaidi ya hakuna au chukua.

Hili jambo si geni. Mwaka 1617 huko Ufaransa kwenye mji mdogo unaitwa Châtillon-les-Dombes, padri mmoja Vincent de Paul alikuwa anajiandaa kwa misa Jumapili ya mwezi wa nane akaletewa taarifa kwamba kuna familia nje kidogo ya mji wote wanaumwa, hakuna hata mmoja wa kumpikia mwenzake. Akaisema kwenye mahubiri. Mchana alipokuwa anaenda kuwaona akakutana na watu njiani, wengi mno, wanaenda na wengine wanarudi, kila mtu kapeleka chakula chake, wengine wamekaa chini ya miti maana joto lilikuwa kali. Mtu mwingine hapo angesema haleluya akarudi nyumbani. Yeye akawaza, hawa watu leo wana chakula kuliko wanavyoweza kula, kingine kitaoza, na wiki ijayo watarudi kwenye njaa ile ile. Siku chache tu baadaye akawakusanya wamama wa mji wakapanga zamu, kila mmoja na siku yake ya kupika na kupeleka, na kabla mwaka haujaisha wakawa na kanuni zilizoandikwa na kupitishwa na uongozi wa kanisa. Kuna kipengele kwenye zile kanuni mimi nakipenda sana na nakifundisha kila semina: mama wa zamu aanze na wagonjwa wenye ndugu wa kukaa nao, amalizie na wale walio peke yao, ili akae nao muda mrefu zaidi. Yaani walifikiria mpaka ratiba ya kutembea nyumba kwa nyumba, kwamba mpweke asipewe dakika za harakaharaka!

Na kabla ya hapo, Matendo sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa kwenye huduma ya kila siku, manung'uniko yakatokea. Angalia mitume walifanya nini. Hawakuwaambia watu acheni kunung'unika mshukuruni Mungu kwa kidogo, hawakusema basi tufunge huduma inaleta maneno. Wakasema chagueni watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, wasimamie jambo hili. Soma yale majina sasa, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao, ni ya Kiyunani yote. Yaani inaonekana upande uliokuwa unalalamika kwamba umesahaulika ndio uliopewa kusimamia mgao. Sijui makanisa yetu mangapi leo yangethubutu hilo, kwa kawaida mgao unashikwa na mke wa mchungaji na mhasibu basi imeisha. Kwenye kamati yenu mwekeni angalau mtu mmoja au wawili wanaoishi maisha hayo hayo mnayotaka kuyasaidia, mama mjane anayeuza dagaa soko la Mwaloni anajua vitu ambavyo ninyi wenye mishahara hamtavijua hata mkifanya utafiti.

Sasa mnawapataje wahitaji wenyewe. Kwanza mjue kwamba waliofika getini si lazima ndio maskini kuliko wote, ni wale wenye miguu, wenye habari, na wenye ujasiri wa kuonekana. Aliye chini kabisa mara nyingi hajatoka ndani. Ni bibi anayelea wajukuu watatu juu kule kwenye mawe ambako hata ndoo ya maji ni safari, ni baba aliyepooza, ni mama mwenye mtoto mwenye ulemavu anayeogopa maneno ya majirani akitoka naye. Hao hawakusikia tangazo lenu. Kwa hiyo ulizeni wanaojua. Balozi wa nyumba kumi anajua, mwenyekiti wa mtaa anajua ila huyo msimtegemee peke yake maana naye ana ndugu zake, mhudumu wa afya wa jamii anayepita majumbani anajua sana, mwalimu wa darasa la kwanza na la pili anajua nani anasinzia darasani kwa njaa. Na kuna mtu mmoja watu wanamsahau, mwenye genge au Mangi wa duka la kona, maana daftari la mkopo liko kwake, anajua nani ananunua mafuta ya kupimiwa kila siku na nani hata hayo ameacha kuja kununua. Usimuulize madeni ya watu, muulize tu mama nani huku unamwonea huruma. Ukisikia jina moja linatajwa na watu watatu wasiojuana, hilo jina liandike.

Halafu mwende kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri mjitambulishe. Najua watu wa makanisa huwa hatupendi ofisi, ila huyo ndiye mwenye picha ya nani yupo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini na nani hayupo, na siku mkikutana na kesi nzito, mtoto anapigwa, binti ananyanyaswa, mtamhitaji haraka. Kaya kuwa TASAF si sababu ya kuiacha, ile ruzuku inasaidia ila haimalizi, cha msingi mjue tu msije mkarudia kitu ambacho tayari kinafanyika.

Kutembelea: wawili wawili, siku zote. Mama na kijana ni pea nzuri. Wale wa chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo kwa wenzetu Wakatoliki, kilichoanza Paris mwaka 1833 kikiwa cha vijana wa chuo akina Frédéric Ozanam, mpaka leo msingi wao ni huo huo, kwenda nyumbani kwa mtu wawili wawili na kukaa. Mara ya kwanza msiende na mzigo. Nendeni mkasalimie, mkae kwenye kigoda mlichopewa, mkipewa chai mnywe hata kama mnajua sukari imeazimwa, maana mkikataa mmeshamwambia kwamba yeye ni wa kupokea tu. Msitoe simu kupiga picha. Msitoe fomu. Msiahidi chochote, hasa vijana, vijana wana tabia ya kusema mama usijali tutakujengea, halafu wanarudi wanaweka kwenye grupu la wasapu na imeishia hapo, mama anabaki anahesabu siku. Sikilizeni tu. Mkitoka nje mbali kidogo ndo mwandike kwenye daftari, nani anaishi pale, wanakula mara ngapi, nani anaumwa, nani anasoma, nani ndugu yao na yuko wapi, na yeye mwenyewe anasema shida yake kubwa ni ipi. Hilo la mwisho muhimu, maana mtashangaa, mtaenda mkidhani ni chakula mkute anachowaza ni kodi ya miezi miwili, au paa linavuja kwenye kona aliyoweka magodoro ya watoto.

Mkishajua hivo ndo mtaona mchele ni sehemu ndogo sana. Mfano cheti cha kuzaliwa. Mtoto bila cheti anasumbuka shuleni, akikua anasumbuka kitambulisho cha taifa, mkopo wa chuo, kila kitu, na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, wana mpango wa kusajili watoto chini ya miaka mitano bila malipo kupitia vituo vya afya na ofisi za kata. Bibi hajui, au anajua ila anaogopa ofisi, kazi yenu ni kumsindikiza tu na nauli. Mfano mwingine matibabu, sera inasema wazee wa miaka 60 kwenda juu wasiojiweza watibiwe bila malipo, ila mzee akifika dirishani bila barua na bila mtu wa kumsemea anaambiwa lete hela ya kipimo anarudi nyumbani kimya. Kijana wenu mmoja mwenye mdomo mzuri na uvumilivu akimpeleka hospitali ya Sekou-Toure akakaa naye foleni mpaka dirisha la ustawi wa jamii, amefanya kazi kuliko kiroba cha unga. Shule nayo, ada ya sekondari mpaka kidato cha nne ilifutwa mwaka 2016 na ya kidato cha tano na sita 2022, lakini sare, daftari, viatu na michango ya chakula bado vinamrudisha mtoto nyumbani. Vitu vidogo vidogo hivyo, vya pesa ndogo, ila vinahitaji mtu anayerudi tena na tena, na huo muda ndio makanisa mengi hatutaki kuutoa.

Sisemi msitoe chakula. Mtu mwenye njaa leo anakula leo, Yakobo 2 iko wazi, huwezi kumwambia mtu enendeni zenu kwa amani mkaote moto na kushiba halafu usimpe kitu. Na msimpigie mtu mwenye njaa lile somo la asiyefanya kazi asile, Paulo alikuwa anawasema waliokuwa na uwezo wa kufanya kazi na hawataki, si bibi wa miaka sabini. Hilo andiko linatumika vibaya mno hapa kwetu.

Sasa tuje kwa mzee wa kanisa, kwa heshima zote. Hoja yake ninaielewa, anaogopa kanisa ligeuke shirika la misaada lisilomtaja Yesu. Ni hofu ya kweli, nimeona huduma ambazo zilianza na sala zikaishia na ripoti tu. Lakini dawa yake si kuweka mahubiri mlangoni kama tiketi. Chukua wale kumi wenye ukoma kwenye Luka 17, wote kumi walitakaswa, akarudi mmoja tu kushukuru tena Msamaria. Yesu aliuliza wale tisa wako wapi, iliuma, ila ukoma hakuwarudishia. Na ile mikate, Yohana 6, kesho yake aliwaambia kabisa mnanitafuta kwa sababu mlikula mikate mkashiba, yaani alijua waumini wa mikate wapo, alijua toka mwanzo, na bado aliwalisha elfu tano kwanza bila kumuuliza mtu anaamini nini. Waumini wa mchele watakuwepo tu dada yangu. Hilo si tatizo la kutatua, ni la kuvumilia.

Na kuna la Waislamu, hukuliuliza ila najua mtaa wenu una majirani Waislamu. Wapeni sawasawa na wengine, muwe wawazi kwamba ni kanisa, na msiweke sharti. Mfalme Juliano wa Roma, yule aliyeacha ukristo akataka kurudisha miungu ya zamani, mwaka 362 alimwandikia kuhani wake mkuu wa Galatia akilalamika kwamba hawa Wagalilaya, yaani Wakristo, wasiomcha mungu wanalisha maskini wao na wa kwetu pia, sisi tunaonekana hatuwajali watu wetu. Huyo ni adui anashuhudia. Hakusema wanahubiri vizuri, alisema wanalisha mpaka wa kwetu.

Sababu nyingine ya kutofunga chakula na dini iko karibu zaidi na sisi. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar wakafungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, wakawa wanakomboa watumwa, wengi watoto, wanawalea, wanawasomesha, wanawafundisha ufundi na kilimo, wakikua wanaoana wanapewa nyumba kwenye kijiji cha misheni. Ile ni huruma kubwa, hakuna ubishi, watu walitolewa kwenye minyororo. Waanglikana wa shirika la kimisionari la CMS nao walifanya hivyo hivyo Freretown pale Mombasa miaka ya 1870. Lakini maisha ndani ya vile vijiji yalikuwa na kengele, ratiba, kazi za shamba la misheni, nani uoane naye, na wapo waliotoka wakaenda zao. Ndio maana mimi nikisoma ile historia naona kitu kimoja: mtu ambaye kulala kwake, kula kwake na mke wake vyote viko mkononi mwako, akikwambia naamini huwezi kujua amesema kwa moyo upi, na yeye mwenyewe huenda hajui. Ukitaka ndiyo ya kweli lazima mtu aweze kusema hapana na bado ale. Kwa hiyo kwenye kutembelea kwenu, mkiulizwa mnatoka wapi na kwa nini mnakuja, semeni, tena bila aibu, ni kwa sababu ya Yesu. Mkiombwa kuombea, ombeeni. Mtu akitaka kuja kanisani aje. Ila siku ya kupeleka unga msipeleke na Biblia kubwa mkaanza kipindi.

Wale wa getini Jumapili: msiwafukuze na msiwagawie. Najua hapo katikati ni pagumu. Jumapili ijayo wawili au watatu kati yenu mkose ibada ya pili, mkae nao nje na chai na maandazi, muulize majina, wanakaa wapi, muwaambie ukweli kabisa kwamba hapa getini hatutagawa tena ila wiki hii tunakuja kwenu nyumbani. Watakaokasirika watakuwepo. Wanaotoka mbali kwa mazoea watapungua wenyewe. Wanaobaki, nendeni kweli kwao wiki hiyo hiyo, msipoenda mtakuwa mmewadanganya mbele ya kanisa. Matapeli nao watawapata, mtu atasema ni mjane kumbe mume yuko kisiwani anavua, hiyo isiwavunje moyo, mkiwa na nyumba mnazozifahamu utapeli wenyewe unapungua maana majirani wanasema.

Kituo cha yatima. Hapa nitakuwa mkali kidogo: mwambieni huyo rafiki asante sana, hapana. Watoto wengi wanaoitwa yatima kwenye vituo vyetu wana mzazi mmoja hai au bibi au shangazi, wamepelekwa pale kwa sababu ya umaskini, kwa sababu pale kuna kitanda na shule. Mkijenga jengo, jengo litatafuta watoto. Bibi anayelea wajukuu watatu kwa shida mtamshawishi awalete, na mtakuwa mmechukua familia ambayo ilihitaji tu sapoti ya sare na unga mkaivunja, halafu mfadhili akichoka au akifariki mnabaki na watoto arobaini na bili ya umeme. Kisheria pia si jambo la kuamka tu, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni, na kwa jirani zetu Kenya serikali yenyewe ina mkakati wa 2022 mpaka 2032 wa kuhamisha malezi kutoka vituoni kurudi kwenye familia. Wapo watoto wachache ambao kweli hawana mtu kabisa, hao ni kazi ya ustawi wa jamii kuwatafutia familia ya kuwalea, na waumini wenu wawili watatu wanaweza kujitokeza kuwa walezi wanaotambulika kisheria, hiyo ni huduma kubwa kuliko jengo ila haina jiwe la msingi la kuzindua ndo maana haipendwi. Huyo rafiki kama hela anayo na moyo anao, mwelezeni awasaidie hao bibi. Akikataa kwa sababu anataka jengo lenye jina, basi mmejua alikuwa anataka nini.

Pesa. Paulo alipokuwa anakusanya mchango wa maskini wa Yerusalemu hakuubeba peke yake, alitaka watu waliochaguliwa na makanisa waende nao, akasema wazi kwenye 2 Wakorintho 8 kwamba hataki mtu aje awalaumu, anaangalia yaliyo mema si mbele za Bwana tu bali na mbele za wanadamu. Kama mtume alijilinda hivyo, katibu wa kikundi asijifanye malaika. Namba ya simu ya kupokelea michango isiwe ya mtu binafsi, hata kama ni mwaminifu vipi. Risiti zitunzwe. Kila mwisho wa mwezi isomwe kanisani jumla iliyoingia, jumla iliyotoka na imeenda kwenye nini, bila kutaja jina la aliyesaidiwa. Majina ni siri ya kamati. Nimesikia kanisa moja walisoma majina ya wajane kwenye matangazo wakidhani ni uwazi, mama mmoja hakurudi tena pale.

Kuna swali hukuniuliza ila litakuja mwakani, kwamba tutawapa mpaka lini. Baadhi mpaka mwisho, mzee asiye na mtu na asiye na nguvu ni wenu mpaka mnamzika, kubalini hivyo toka mwanzo. Lakini mama mwenye nguvu anayehangaika, huyo muunganishe na wenzake. Vikoba mnavijua, ule mtindo wa kuweka hisa kila wiki na kukopeshana ambao mizizi yake ni kazi ya shirika la CARE kule Niger mwaka 1991, sanduku lina kufuli tatu na funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti. Uzuri wake kwenye huduma hii ni ule mfuko wa jamii, kila mtu anaweka kidogo kwa ajili ya msiba na ugonjwa, kwa hiyo yule mliyekuwa mnampa naye anatoa. Wamakedonia walitoa wakiwa kwenye umaskini mkubwa, tena waliomba wenyewe wapewe nafasi ya kutoa, soma hiyo hiyo 2 Wakorintho 8 mwanzoni. Ila angalieni, aliye chini kabisa hawezi hisa hata ya elfu moja kwa wiki, mkimlazimisha ataenda kukopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, ili aweke hisa, mtakuwa mmemuua. Kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu walio tayari kidogo kuna ile mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, wasaidieni tu kusajili kikundi na kuandika andiko. Na kanisa lenyewe lisiwakopeshe hawa watu pesa, nasisitiza. Ukimdai mtu ataacha kuja kukusalimia, atapita njia nyingine.

Mko ishirini, ni pea kumi. Pea moja ibebe nyumba mbili, si zaidi, kwa mwaka wa kwanza. Utasema nyumba ishirini ni chache mtaa una mamia. Ni chache ndiyo. Mchele wa Krismasi uligusa wengi zaidi na leo huwezi kuniambia hata watano wako wapi. Mkae kikao mara moja kwa mwezi, kila pea ieleze, muombeane maana mtachoka, kuna mambo mtayaona yatawanyima usingizi. Hakuna mtu kubaki peke yake na mtoto, hakuna kijana kwenda peke yake kwa mama mjane, hilo si suala la kuaminiana. Mkiona dalili za ukatili msifanye kikao cha wazee kusuluhisha, pigeni 116 namba ya huduma kwa mtoto, au nendeni dawati la jinsia na watoto polisi.

Ile mifuko miwili ya mchele uliyoniandikia kwamba ilibaki stoo msiiweke mpaka Desemba, ianze kupungua na nyumba za kwanza mtakazozitembelea, kilo chache chache, ibebwe kwenye kikapu cha kawaida kama mtu anaenda kwa shangazi yake.

Kuhusu fulana zenye jina la kikundi na lile andiko la Mathayo 25 mgongoni, hapana. Mkivaa hizo mkiingia kwa mtu mtaa mzima unajua amepewa msaada. Hiyo bajeti ya fulana ishirini inatosha sare za wajukuu wa yule bibi aliyeangushwa, anzeni na nyumba yake, na mkienda muulizeni kwanza nyonga inaendeleaje.